Samaki wa dhahabu akiugua baada ya kubadilishiwa maji, usikimbilie kumwaga tena

Na Mwandishi Wetu

MAJI yametoka bombani baada ya siku kadhaa za kusubiri. Ndoo zimejaa, pipa limejaa, na nguo zimekwisha kufuliwa. Ndipo mwenye nyumba anapokumbuka tangi la kioo lililoko sebuleni, ambalo maji yake yamegeuka rangi na kuanza kunuka. Anamwaga yote, anasugua kioo, anaosha kokoto hadi zing'ae, kisha anajaza maji mapya na kumrudisha samaki wa watoto.

Jioni samaki yule haogelei tena kama alivyozoeleka. Amepanda juu, mdomo wake uko kwenye uso wa maji, na mapezi ameyabana mwilini kana kwamba anaona baridi. Watoto wanauliza kulikoni. Mzazi, kwa nia njema kabisa, anadhani hakusafisha vya kutosha, hivyo anamwaga maji yale na kujaza mengine. Asubuhi samaki amekufa.

Huu ni mkasa unaowakuta watu wengi wanaofuga samaki wa mapambo mijini, na hasa katika miji ambayo maji hayatoki kila siku, kama vile Handeni na Korogwe mkoani Tanga. Ni mkasa wa kusikitisha kwa sababu mara nyingi samaki huyo hakuuawa na uchafu. Aliuawa na usafi uliofanywa kwa haraka, na aliyeufanya ni yule yule aliyempenda.

Makala haya yanaeleza kwa nini samaki huugua baada ya kubadilishiwa maji, namna ya kumsaidia apone, na jinsi ya kuepuka jambo hilo lisijirudie.

Maji safi kwa nani?

Samaki wa dhahabu asili yake ni China, ambako watu walianza kumfuga kwa ajili ya kupendezesha macho zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Yumo katika jamii kubwa ya samaki ambayo ndani yake yumo pia ningu wa Ziwa Victoria. Ni samaki mvumilivu, na akitunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 10.

Uvumilivu huo, hata hivyo, una mpaka. Binadamu anakunywa maji, lakini samaki anapumua ndani yake. Maji hupita katika matamvua, yaani zile nyuzi nyekundu zilizofichwa chini ya mashavu yake, na humo ndimo damu inapopata oksijeni na kutoa taka. Ngozi ya matamvua ni nyembamba mno. Chochote kilichomo majini huifikia damu mara moja.

Ndiyo maana maji yanayomfaa binadamu si lazima yamfae samaki. Mfano ulio wazi ni klorini, dawa inayotiwa katika maji ya bomba ili kuua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na maradhi mengineyo. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yanapomfikia mtumiaji yabaki na klorini isiyopungua miligramu 0.2 katika kila lita. Kwa mnywaji kiasi hicho ni kinga. Kwa samaki, hata kiasi kilicho chini ya miligramu 0.1 chaweza kuunguza matamvua.

Vivyo hivyo kwa dawa za kutibu maji nyumbani, kama WaterGuard na vidonge vya aina hiyo, ambazo nazo ni za klorini. Maji yaliyotiwa dawa hizo ni mazuri kwa kunywa, ila yasiingie katika tangi la samaki yakiwa mapya. Shabu, ambayo wengi huitumia kutuliza tope, nayo huongeza asidi katika maji na kuacha madini yanayodhuru matamvua.

Tatizo la miji yenye maji ya mgawo

Handeni ni wilaya inayojulikana kwa shida ya maji. Kwa miaka mingi mji huo umetegemea bomba kuu lililojengwa katika miaka ya 1970, ambalo maji yake huchotwa katika Mto Pangani wilayani Korogwe. Malambo, visima na maji ya mvua vimekuwa vikiziba pengo. Mwaka 2022 Serikali ilisaini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa India, na Handeni na Korogwe zimo katika orodha ya miji hiyo.

Mfugaji wa samaki katika mazingira hayo hujikuta katika mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni kuchelewa. Maji yakiwa adimu, hakuna atakayethubutu kuyamwagia samaki dumu zima kila wiki. Tangi huachwa mwezi au miezi miwili, kisha siku maji yanapopatikana hubadilishwa yote kwa mkupuo.

Mtego wa pili ni kutojua chanzo. Dumu la leo limetoka bombani, la juzi lilitoka lamboni, na la wiki ijayo litatoka katika kisima ambacho maji yake yana chumvi. Kwa macho yote ni maji. Kwa samaki kila moja ni dunia nyingine, yenye madini na kiwango tofauti cha asidi.

Mtego wa tatu ni joto. Korogwe iko chini bondeni, pembeni ya milima ya Usambara, na jua lake ni kali. Maji yaliyokaa katika tangi jeusi juu ya paa hadi alasiri yanaweza kuwa ya moto kuliko yale ya sebuleni kwa nyuzi nyingi, ilhali yanayotoka kisimani huwa ya baridi. Samaki hana uwezo wa kujitengenezea joto la mwili kama sisi, kwa hiyo badiliko la ghafla humlegeza na kumfungulia maradhi mlango.

Zaidi ya hayo, maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Katika nyuzi 20 za Selsiasi lita moja ya maji huweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni, na katika nyuzi 30 hushuka hadi kama miligramu 7.5. Maji yaliyochemshwa na kupozwa huwa na oksijeni haba zaidi mpaka yatikiswe na kuchanganyika na hewa.

Walinzi wasioonekana

Kuna sababu nyingine ambayo wafugaji wengi hawaijui, nayo pengine ndiyo inayoua samaki wengi zaidi.

Samaki hutoa taka iitwayo amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokaa muda, juu ya kokoto, kioo na sponji ya chujio huota bakteria wenye manufaa. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Ute ule unaoteleza kwenye kokoto, tunaouona kuwa ni uchafu, ndiyo makazi ya walinzi hao.

Mtu anaposugua kokoto kwa maji ya bomba, huwaua au kuwapunguza sana. Tangi linabaki ling'avu, lakini halina ulinzi. Baada ya siku moja au mbili amonia huanza kupanda, na samaki huugua ndani ya maji yanayoonekana masafi kabisa.

Aidha, amonia ina sura mbili. Katika maji yenye asidi hukaa katika hali isiyodhuru sana. Katika maji yasiyo na asidi hugeuka kuwa ile inayopenya matamvua. Tangi lililoachwa kwa miezi hujenga asidi polepole, hivyo samaki huweza kuishi humo na taka nyingi bila kuonyesha dalili. Ukimimina kwa ghafla maji mapya ya kisima yasiyo na asidi na kuacha sehemu ya maji ya zamani, amonia iliyolala huamka. Hapo ndipo watu husema, "Alikuwa mzima mpaka nilipombadilishia maji." Wanasema kweli.

Tazama saa, kisha mtazame samaki

Kabla ya kutibu ni lazima kujua chanzo, na saa husaidia sana.

Dalili zikianza ndani ya dakika chache hadi saa chache, mshukiwa wa kwanza ni klorini, badiliko la joto, tofauti kubwa ya madini na asidi, au mabaki ya sabuni. Samaki hukimbia huku na huko, hutweta juu ya maji, hutoa ute mwingi au hulala ubavu.

Dalili zikianza baada ya siku moja hadi tatu, mshukiwa ni amonia au nitriti. Samaki huzubaa chini ya tangi, hukataa chakula, na mapezi huweza kuwa na michirizi myekundu.

Dalili zikianza baada ya siku nne na kuendelea, yawezekana ni ugonjwa uliopata nafasi kwa sababu mwili ulidhoofika. Madoa meupe mfano wa punje za chumvi ni kimelea. Mapezi yanayochanika na kuoza, au utando unaofanana na pamba, ni kazi ya bakteria na kuvu.

Hatua za kwanza

Kwanza, acha kusafisha. Usimwage maji yote mara ya pili, wala usisugue chochote. Samaki aliyekwisha kushtuka mara moja huenda asistahimili mshtuko wa pili.

Pili, mpe hewa. Kama kuna pampu ya hewa, iwashe na uiache. Umeme ukikatika, chota maji ya tangi kwa jagi na uyarudishe taratibu kutoka juu kiasi cha kiganja kimoja, mara kwa mara, ukielekeza pembeni mbali na samaki.

Tatu, ikiwa unashuku klorini, mhamishe. Tafuta beseni lisilo na sabuni na utie maji yaliyokaa wazi kwa siku mbili, au maji ya zamani ya tangi kama hayajamwagwa. Hapa mkazi wa Handeni ana neema ambayo huenda hakuifikiria: kwa kuwa amezoea kuhifadhi maji katika mapipa na ndoo, mara nyingi tayari anayo maji ambayo klorini yake imekwisha kupungua. Usimtumbukize kwa ghafla. Mweke katika mfuko wa plastiki au chombo kidogo pamoja na maji aliyomo, kieleeze ndani ya beseni kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, huku ukimwongezea maji ya beseni kidogo kidogo.

Nne, msimamishie chakula kwa siku moja au mbili. Samaki wa dhahabu aliyekomaa anaweza kukaa wiki bila kula. Chakula kisicholiwa huoza na kuzidisha amonia, hivyo kumlisha mgonjwa kwa huruma ni kumwongezea sumu.

Tano, punguza mwanga. Funika sehemu ya tangi kwa kitambaa, na waombe watoto wasigonge kioo. Samaki aliyetulia hutumia oksijeni kidogo.

Sita, tumia chumvi kwa kiasi. Chumvi ya kawaida, gramu 1 kwa lita 1, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila lita 5, humpunguzia samaki kazi ya kulinda chumvi ya mwili wake na huzuia nitriti isiingie katika damu. Iyeyushe kwanza pembeni, utie nusu leo na nusu kesho. Chumvi haipotei kwa mvuke, kwa hiyo usiiongeze kila siku. Ongeza tu kulingana na kiasi cha maji uliyobadilisha. Kama ndani ya tangi kuna mimea, mtibu samaki katika beseni, kwani chumvi huidhuru mimea.

Usimpe dawa za binadamu

Lipo kosa jingine ambalo limezoeleka: kufungua vidonge vya rangi mbili na kumwaga unga wake katika tangi. Dawa hizo za kuua bakteria haziwezi kuponya matamvua yaliyounguzwa na klorini, wala haziondoi amonia. Zinachoweza kufanya ni kuwaua wale bakteria walinzi, na kujenga usugu wa dawa ambao hatimaye hutudhuru sisi wenyewe.

Dalili za kimelea, kuoza kwa mapezi au kuvimba mwili zikijitokeza, muone afisa uvuvi au daktari wa mifugo katika halmashauri yako kabla ya kununua dawa yoyote.

Wiki ya uangalizi

Baada ya saa 24 za kwanza, tiba kubwa ni subira. Kila siku badilisha sehemu moja ya kumi hadi robo ya maji, si zaidi, kwa kutumia maji yaliyokaa. Kwa tangi la lita 40, hiyo ni kati ya lita 4 na 10, kiasi ambacho hata mwenye shida ya maji anaweza kukimudu. Maji yanayotolewa yana rutuba nzuri kwa mchicha na maua, hivyo hayapotei bure, isipokuwa kama yametiwa chumvi.

Siku ya tatu au ya nne, samaki akianza kutafuta chakula, mpe kidogo sana, kiasi anachomaliza ndani ya dakika mbili. Mapezi yakifunguka na akirudi kuogelea katikati ya maji, hizo ni dalili njema. Akiendelea kutweta wakati hewa ipo ya kutosha, matamvua yamejeruhiwa na yanahitaji muda zaidi. Wako watakaopona, na wako ambao hawataweza kupona hata ukifanya yote haya. Ni vema kuwaambia watoto ukweli huo mapema.

Usisahau kunawa mikono kwa sabuni baada ya kushika maji ya tangi, na usiyashike ukiwa na kidonda kibichi.

Kinga ni rahisi

Weka ndoo moja ya lita 20 iwe ya samaki peke yake, isiyowahi kuingia sabuni. Ijaze siku maji yanapotoka, iache wazi kwa saa 24 hadi 48, ukiyakoroga mara kadhaa. Ifunike kwa wavu mwembamba ili mbu wasizaliane. Maji yakitoka bombani na harufu kali ya dawa, au yakiwa na tope baada ya kukatika kwa siku nyingi, subiri zaidi.

Badilisha robo ya maji kila wiki badala ya yote kila baada ya miezi miwili. Kabla ya kumimina, tumbukiza kiwiko katika ndoo na katika tangi. Ukihisi tofauti, subiri. Ukiwa na kipimajoto, tofauti isizidi nyuzi 2. Sponji ya chujio isafishwe kwa kuikamua ndani ya maji yaliyotolewa tangini, kamwe si chini ya bomba.

Kama tangi limeachwa kwa miezi, usilirekebishe kwa siku moja. Badilisha sehemu moja ya kumi kila siku kwa wiki mbili. Vile vile, bakuli dogo la kioo linalopendeza mezani si nyumba ya samaki wa dhahabu. Samaki mmoja anahitaji takriban lita 75, yaani karibu madumu manne. Maji yakiwa mengi, mabadiliko huenda polepole, na makosa yetu husameheka.

Korogwe na historia ya samaki

Somo hili si geni katika bonde la Pangani. Ufugaji wa samaki nchini ulianza mwaka 1949 kwa majaribio ya kufuga perege huko Korogwe na Malya, mkoani Mwanza. Hadi mwaka 1968 mabwawa yapatayo 8,000 yalikuwa yamechimbwa nchini, lakini mengi hayakufanya kazi kutokana na usimamizi duni, utaalamu usiofaa na ukame. Kuchimba bwawa lilikuwa jambo jepesi. Kuyatunza maji yake ndiyo ilikuwa kazi.

Mji wa Korogwe pia umeacha jina lake katika sayansi. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe alimwandika perege wa bonde hilo ambaye leo huitwa Oreochromis korogwe. Perege wa asili kama huyo leo wanakabiliwa na kuchanganyika na sato walioletwa kutoka kwingine. Kwa hiyo, mfugaji aliyechoka na samaki wake asimwachie mtoni wala lamboni kwa kumwonea huruma. Samaki wa dhahabu wamekwisha kuwa kero katika maziwa na mito ya nchi nyingi walikoachiwa. Ampe mtu mwingine mwenye nafasi.

Hitimisho

Samaki wa dhahabu si mali kubwa. Hata hivyo, kwa mtoto anayemtazama kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kifo chake ni msiba wa kweli, na kupona kwake ni somo ambalo hatalisahau: kwamba kiumbe kilicho chini ya uangalizi wetu hakitaki pupa, kinataka utaratibu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Siku maji yatakapotoka tena, jaza ndoo, iweke pembeni, na umwache samaki mpaka kesho kutwa.